Ukuta wa matofali ya kuchoma: mwongozo kamili, kuanzia tanuru hadi mkanda wa juu

Ukisafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya wakati wa kiangazi, utaona matanuru ya matofali yakifuka moshi mabondeni na maboma mapya yakipanda pembeni yake. Udongo upo, mafundi wapo, na tofali la kuchoma ndilo familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini zinaweza kulimudu bila kusubiri fedha za lori la saruji. Ni tofali zuri sana. Kanisa kuu la Namirembe pale Kampala lilikamilika mwaka 1919 kwa matofali ya udongo, na hadi leo watu wanasali humo.

Lakini matofali ya aina hiyohiyo, katika nyumba nyingine, yanapasuka konani baada ya misimu michache ya mvua, lipu inavimba na kudondoka, na mwenye nyumba analaumu udongo wa kwao. Mara nyingi udongo hauna kosa. Kosa ni kwamba matofali hayakufungana, au maji hayakusimamiwa: maji ya kwenye mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshika matofali), maji ndani ya tofali lenyewe, maji yanayopanda kutoka ardhini. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye mambo hayo mawili.

Ukuta unabeba nini

Tofali lina nguvu kubwa likikandamizwa, na nguvu ndogo mno likivutwa au kupindwa. Uzito wa paa unaposhuka juu ya ukuta, kila tofali hugawa mzigo wake kwa mawili yaliyo chini yake, hayo nayo kwa mengine, hadi mzigo unafika kwenye msingi ukiwa umetawanyika. Hilo linawezekana tu kama kila tofali limekalia mawili. Viungo vya wima, yaani nafasi za mota kati ya tofali na tofali, vikifuatana mstari mmoja kutoka chini hadi juu, hakuna kinachogawana mzigo. Hapo una nguzo nyembamba zilizosimama bega kwa bega, na ufa utafuata mstari huo siku msingi utakapotikisika kidogo.

Mota nayo ina kazi yake. Inakalisha matofali yasiyolingana ili yagusane sehemu zote, inaziba upepo na mvua, na inayashika yasiteleze. Haifanyi tofali bovu liwe zima. Fundi anayekuambia ataongeza saruji ili kufidia matofali mabovu anakupotezea fedha.

Hatua ya kwanza: chagua matofali ukiwa tanuruni

Usinunue matofali kwa simu. Nenda mwenyewe, na uende kabla hayajapakiwa.

Tanuru la kienyeji ni rundo la matofali mabichi lenye mifereji ya kuni chini, likapakwa udongo nje ili joto lisitoke. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi, lakini halifiki sawasawa kila mahali. Matofali ya pembezoni na ya juu kabisa hubaki nusu mabichi, rangi yao imefifia. Yaliyo karibu na moto huiva kupita kiasi, mengine yanapinda, yanakuwa meusi na kuyeyuka hadi kushikana. Yaliyo katikati ndiyo unayoyataka. Muuzaji akikupa bei moja kwa tanuru zima, jua kwamba ndani yake umeuziwa aina tatu, na mpatane mapema kuhusu mabichi.

Chukua matofali kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za rundo, si yale aliyokuchagulia yeye, kisha:

Gonganisha mawili. Lililoiva hutoa mlio mkali, wa kengele. Bichi hutoa sauti nzito iliyokufa.

Kwaruza kwa msumari. Ukichimba mfereji kwa urahisi na unga ukadondoka, hilo ni bichi.

Vunja moja katikati uangalie ndani. Rangi iwe sawa toka ukingo hadi kiini, bila mabonge, mizizi iliyoungua wala vipande vyeupe vya chokaa. Vipande hivyo vyeupe ni hatari, kwa sababu vikipata maji baadaye huvimba na kumenya uso wa tofali.

Liangushe moja kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Zima halivunjiki.

Jaribio la mwisho linahitaji subira. Pima tofali kavu kwenye mizani ya duka, lilaze ndani ya maji usiku na mchana, saa 24, ulifute na ulipime tena. Tofali la kilo 3 likirudi na kilo 3.6 limeongeza moja ya tano ya uzito wake, na hapo ndipo mwisho. Likizidi hapo linanywa maji mno, usiliweke ukuta wa nje. Tofali bichi lenyewe litakuonyesha mapema: litaacha tope chini ya ndoo, na kona zake zitamenyeka ukizigusa.

Angalia pia vipimo. Kwa ukuta mnene, urefu wa tofali unapaswa kuwa sawa na mapana mawili pamoja na kiungo kimoja. Tofali la sentimita 22.5 kwa 10.5 kwa 7, likitumiwa na kiungo cha sentimita 1.5, linatimiza sharti hilo barabara: 10.5 na 1.5 na 10.5 ni 22.5. Kama kalibu ya muuzaji, yaani fremu anayofyatulia, ilichongwa bila kuzingatia hesabu hiyo, fundi atahangaika na vipande kwenye kila kona. Ukiwa unafyatua mwenyewe, chonga kalibu kubwa kidogo kuliko kipimo unachotaka, kwa sababu udongo husinyaa ukikauka na kusinyaa tena ukichomwa. Fyatua matofali machache ya majaribio ujue udongo wako unasinyaa kiasi gani.

Neno moja kuhusu kuni. Tanuru moja linakula miti mingi, na vilima vinavyotupa mito vinabaki uchi. Kwenye maeneo ya mpunga ya Mbeya na Morogoro wapo wanaochomea pumba, na matofali yao yanaiva vizuri. Ukiwa na nafasi ya kuchagua muuzaji, mchague huyo. Na tofali lililovunjika usilitupe, kwa sababu ndilo litakalokupa vipande vya kona na kifusi cha chini ya sakafu.

Hatua ya pili: piga hesabu kabla ya kuagiza

Amua kwanza unene. Ukuta wa nusu tofali, yaani unene wa sentimita 10.5, unafaa kugawa vyumba. Ukuta wa nje unaobeba paa nashauri uwe wa tofali zima, sentimita 22.5. Watu wengi hujenga nje kwa nusu tofali ili waokoe, kisha wanalipia kwa lipu nene na kuta zinazosukwasukwa na upepo kabla paa halijakaa.

Kwa tofali la mfano wetu, pamoja na kiungo, kila moja linachukua sentimita 24 kwa urefu na 8.5 kwenda juu. Hiyo ni sentimita za mraba 204. Mita moja ya mraba ina 10,000, kwa hiyo unahitaji matofali 49 kwa ukuta wa nusu tofali na 98 kwa ukuta wa tofali zima. Ukuta wa mita 4 kwa mita 3 una mita za mraba 12, sawa na matofali 588 au 1,176. Toa eneo la milango na madirisha, kisha ongeza moja ya kumi kwa yatakayovunjika. Kama tofali lako lina vipimo vingine, rudia hesabu hiyo kwa vipimo vyako. Usikopi idadi ya jirani.

Mota ndipo wengi hushangaa. Ukuta wa tofali zima wenye viungo vya sentimita 1.5 unakula karibu lita 65 hadi 70 za mota kwa mita ya mraba, kwa hiyo mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa moja kwa sita (saruji moja, mchanga sita), unafika mita za mraba tatu hivi. Ukuta wa nusu tofali utafika karibu saba. Viungo vikinenepa hadi sentimita 2.5 kwa sababu matofali yamepinda, akiba yote uliyoipata kwa kununua matofali ya bei rahisi inaishia kwenye saruji.

Hatua ya tatu: msingi, kwa ufupi

Msingi una mwongozo wake, hapa nitagusa yale yanayohusu tofali tu. Chimba hadi ardhi ngumu, mwaga zege la ukanda, kisha pandisha ukuta wa msingi. Chini ya ardhi pendelea mawe, na Iringa mawe hayana shida. Kama ni lazima utumie matofali, tumia yale yaliyoiva sana, hata yenye weusi kidogo, ilimradi hayajapinda, na mota iwe nzito zaidi, moja kwa nne. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, usiujengee bila kumwita mhandisi.

Kabla ya kuanza kuta, hakikisha kona zina pembe mraba. Kutoka konani pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 5 kamili. Kisha pima mishazari ya nyumba nzima, kona hadi kona ya mkabala. Ikilingana, uko sawa.

Juu ya ukuta wa msingi, angalau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi ya nje, laza kizuizi cha unyevu: karatasi ya lami au nailoni nzito isiyotoboka, upana wote wa ukuta, na pale inapounganishwa ipandane sentimita 15 au zaidi. Tandika mota nyembamba chini yake ili mawe yasiitoboe. Gharama yake ni ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye nyumba, na ndiyo ya kwanza kurukwa. Tofali la kuchoma limejaa vitundu vidogo vinavyonyonya maji kwenda juu. Bila kizuizi hicho, nusu mita ya chini ya kuta zako itabaki na unyevu miaka yote, rangi haitashika, na watoto watalala kwenye chumba cha baridi.

Hatua ya nne: mchanga na mota

Weka mchanga nusu chupa ya maji, jaza maji, tikisa sana, acha usiku kucha. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka tofauti. Likizidi moja ya kumi ya kimo cha mchanga, uoshe au utafute mchanga mwingine, kwa sababu tope linazuia saruji kushika chembe za mchanga.

Kwa kuta za kawaida moja kwa sita inatosha, na moja kwa tano kwa kozi (mistari ya matofali) za mwanzo na sehemu zinazopigwa na mvua. Saruji ya 32.5, namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko, inatosha kabisa kwa mota. Ile ya 42.5 itunze kwa zege la mkanda wa juu, ule unaozifunga kuta zote. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo sita zake ni lita 210 za mchanga, yaani ndoo kumi na nusu za lita 20. Pima kwa ndoo. Machepe hayafanani, na saidia fundi akichoka jioni chepe lake si lile la asubuhi.

Changanya vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Mota nzuri inakaa kwenye mwiko ukiuinamisha kidogo, na inateleza kwa pamoja ukiuinamisha zaidi. Koroga kiasi kinachoweza kuisha ndani ya saa moja na nusu. Ikianza kukakamaa, usiiongezee maji ili kuifufua. Saruji imekwisha kuanza kushikana, na ukiivuruga hairudii nguvu yake.

Wengi vijijini hujengea udongo badala ya saruji, kisha wanapiga pointi ya saruji nje, yaani wanajaza midomo ya viungo kwa mota ya saruji. Siwezi kuwakataza, maana nyumba nyingi zimesimama hivyo. Ila ukifanya hivyo, ukuta uwe wa tofali zima, paa litokeze nje vya kutosha kukinga mvua, na kona, kozi tatu za mwanzo, kingo za milango na madirisha na kozi za chini ya mkanda zote zijengwe kwa saruji.

Hatua ya tano: nywesha tofali kabla halijainywa mota

Hapa ndipo kuta nyingi zinapoharibika, nami nitatulia kidogo.

Tofali kavu la kuchoma likiwekwa juu ya mota mbichi linavuta maji mara moja. Saruji inahitaji maji hayo ili igeuke jiwe. Ikinyang'anywa, inabaki mchanga uliopakwa unga wa kijivu. Ukitaka kuona kwa macho, jenga tofali moja kavu, hesabu hadi sitini, kisha linyanyue. Chini yake utakuta mota imekauka, imeacha alama ya tofali lakini haikung'ang'ania, na ukiisugua kwa kidole gumba inatoka chembechembe. Fanya hivyo hivyo kwa tofali lililoloweshwa. Sasa utalivuta kwa nguvu kidogo, na likitoka linabeba mota upande wote wa chini, yenye majimaji, iliyojaa hadi kwenye kingo. Mwonyeshe saidia fundi jaribio hilo siku ya kwanza, hutahitaji kumkumbusha tena.

Tumbukiza matofali kwenye pipa hadi mapovu yaishe, yatoe, uyaache hadi uso usiwe unametameta kwa maji. Yakiwa yanachuruzika, mota itakuwa uji na tofali litaogelea, kozi haitakaa usawa.

Hatua ya sita: namna ya kuyafunga

Tofali likilazwa huku ubavu wake mrefu ukionekana, nitaliita la ubavu. Likilazwa kuvuka ukuta na upande wake mfupi ukaonekana, nitaliita la kichwa.

Ukuta wa nusu tofali hauna mafumbo. Matofali yote ni ya ubavu, na kila kozi inaanza nusu tofali mbele ya ile ya chini yake. Kona inajigeuza yenyewe, kwa sababu upana wa tofali na kiungo chake ni sentimita 12, nusu ya 24.

Ukuta wa tofali zima unataka akili zaidi, na hapa nimeona mafundi wakijenga kuta mbili za nusu tofali zilizosimama sambamba, mota katikati, bila tofali hata moja linalovuka. Kwa nje unapendeza. Ndani ni kuta mbili ambazo siku moja zitaachana. Mtindo ninaoupendekeza ni bondi ya Kiingereza: kozi moja yote ya ubavu, mistari miwili sambamba, na kozi inayofuata yote ya vichwa, ikivuka kutoka uso hadi uso na kuzishika pamoja. Ni rahisi kumfundisha kijana, na ni rahisi kwa mwenye nyumba kuikagua akiwa amesimama barabarani.

Siri yake iko konani. Vichwa vikianza konani moja kwa moja, viungo vyao vitakuwa kwenye sentimita 12, 24, 36, 48, na viungo vya kozi ya ubavu vitakuwa kwenye 24 na 48. Vinagongana. Kwa hiyo baada ya tofali la kwanza la kichwa pale konani, weka kipande cha tofali kilichopasuliwa kwa urefu wake, chenye upana wa sentimita 4.5. Pamoja na kiungo chake kinasogeza kila kitu sentimita 6, na viungo vinakwenda 12, 18, 30, 42, 54. Hakuna kinachokutana na 24 wala 48. Kipande hicho kisiwekwe mwisho kabisa wa kona, kwa sababu ni chembamba na kitabanduka. Kikae cha pili, kikilindwa na tofali zima.

Tofali likiwa na kijishimo juu, kilaze kikitazama juu ili kijae mota. Kikitazama chini kinabaki na hewa.

Hatua ya saba: pandisha kona, kisha vuta kamba

1. Panga kozi ya kwanza yote bila mota, juu ya msingi, kona hadi kona, ukiacha nafasi za viungo. Hapa unagundua kama ukuta unamaliza na tofali zima au kipande, na unaweza kurekebisha viungo kwa milimita moja moja. Ukisubiri hadi mota imewekwa, umechelewa.

2. Tengeneza ubao wa kozi: fito iliyonyooka yenye alama kila sentimita 8.5. Simamisha konani. Kila kozi ifike kwenye alama yake.

3. Jenga kona mbili kwanza, kozi nne au tano, zikishuka kwa ngazi kuelekea katikati. Ngazi hizo ndizo zitakazopokea ukuta. Usiache meno ya kuchomeka matofali baadaye, kwani mota haifiki vizuri ndani ya meno.

4. Kila tofali la kona lipimwe kwa pimamaji kwa ulalo, na kwa timazi (kamba yenye uzito) pande zote mbili za nje. Kosa la milimita 3 kozi ya pili litakuwa sentimita kadhaa ukifika juu.

5. Vuta kamba kati ya kona mbili, usawa wa uso wa juu wa kozi. Matofali yasiiguse, yaache upenyo mdogo kama unene wa kamba yenyewe. Moja likiisukuma, ukuta mzima unafuata tumbo lake.

6. Tandaza mota kwa matofali matatu au manne tu. Paka mota kichwani mwa kila tofali, lisukume kwa mwenzake hadi mota itokeze, ligonge kidogo kwa mpini wa mwiko. Likishakaa usilitikise. Ukilisogeza baada ya kushika, linyanyue, ondoa mota yote, uweke mpya.

7. Jaza viungo vya wima hadi ndani. Wengi hupaka mdomo wa kiungo tu, na mvua ya upepo inapenya kati ya matofali.

8. Usipandishe zaidi ya mita 1.2 hadi 1.5 kwa siku. Mota ya chini bado laini, uzito wa juu utaiminya.

Kuta zinazokutana zijengwe pamoja, zikipeana matofali kila baada ya kozi moja. Uzio wa nusu tofali uwekewe nguzo za matofali kila mita 3 hivi, la sivyo upepo utaulaza.

Milango na madirisha

Amua vipimo vya nafasi kwa kufuata tofali, kabla ya kwenda kwa fundi seremala au wa chuma. Nafasi ya matofali matano ya ubavu ni sentimita 121.5, kwa sababu kuna viungo sita. Ukiagiza fremu ya 115, fundi atakata matofali kila kozi, pande zote mbili, dirisha baada ya dirisha.

Dirisha lisikaribie kona. Acha angalau sentimita 60 za ukuta. Boriti ya zege juu ya nafasi iingie ukutani sentimita 20 kila upande, ikikalia matofali mazima.

Mkanda wa juu

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya kumi walifariki na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Nyumba za matofali zisizo na kitu cha kuzifunga juu zina udhaifu uleule kila mahali: kila ukuta unatikisika peke yake, kona zinaachana, na ukuta unalala nje. Nasi wa Nyanda za Juu Kusini tuko juu ya Bonde la Ufa, ardhi yetu nayo hutikisika.

Mkanda ni zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) linalozunguka kuta zote, za nje na za ndani, bila kukatika, upana wa ukuta na kimo cha sentimita 20. Weka nondo nne za milimita 12, na ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Konani nondo zipinde na kuingia upande wa pili, zisiishie pale zikitazamana. Zinapounganishwa zipandane sentimita 60. Ziinue kwa vijiwe vya zege ili chini yake kuwe na sentimita 2.5 za zege. Kabla ya kumwaga, lowesha matofali ya chini, na chomeka vipande vya nondo nyembamba vitakavyoinuka juu na kukunjwa kushika ubao unaobeba kenchi. Upepo wa Novemba umenyanyua mabati mengi yaliyopigiliwa vizuri kwenye mbao ambazo zenyewe hazikushikwa na ukuta.

Pointi au lipu?

Kama matofali yameiva na viungo vimenyooka, acha nje wazi. Ni ukuta mzuri kuutazama, unapumua, na hauhitaji rangi kila miaka michache. Chimbua mota ya viungo kina cha sentimita 1.5 ingali laini, fagia, lowesha, jaza mota ya moja kwa tatu, kisha ipitishie kipande cha bomba ili iwe na bonde la kina kidogo lililokandamizwa. Usiache kingo za matofali zikitokeza kama rafu, maji yatakaa juu yake.

Kama matofali ni laini, piga lipu ya moja kwa tano, unene wa milimita 15, juu ya ukuta uliooshwa vumbi na kuloweshwa. Subiri ukuta umalize angalau wiki nne ndipo upige.

Chumvi nyeupe ikitokea, ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani.

Kumwagilia, na baada ya mvua ya kwanza

Nyunyizia ukuta maji asubuhi na jioni kwa siku saba, kuanzia siku inayofuata. Jua la Agosti likiwa kali, funika kwa magunia yaliyoloweshwa. Makete na Njombe, Juni na Julai, usiku unakaribia kuganda na saruji inashika polepole, hivyo acha kujenga mapema alasiri na ufunike kazi ya siku kabla baridi haijashuka. Ratiba nzuri kwetu ni kununua matofali ya msimu uliopita, kuanza kuta Mei mvua zinapoisha, na kuezeka kabla ya Novemba. Ukikwama bila paa, funika vichwa vya kuta kwa nailoni na mawe, kwa sababu maji yanayoingia kutoka juu yanashuka ndani ya viungo vyote.

Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, zunguka nyumba. Angalia maji ya paa yanadondokea wapi na kama yanarusha tope juu ya kizuizi cha unyevu. Hapo weka mfereji wa zege au changarawe. Ingia ndani uguse kuta za upande unaopigwa na upepo, hasa chini ya madirisha. Sehemu yenye unyevu iwekee alama ya chaki, na kiangazi kinachofuata fungua viungo vyake ujaze upya. Ufa mwembamba unaofuata viungo kwa ngazi ubandikie kipande cha plasta ya jasi, uandike tarehe. Kama plasta haijapasuka baada ya mwaka, ardhi imetulia na unaweza kuziba. Ikipasuka, mwite mhandisi atazame msingi kabla hujagusa ukuta.